Pesa za wanaosoma hesabu zipo, ila tangazo halitataja kozi yako

Kila mwaka matokeo ya fom siks yakishatoka napata meseji za aina moja, mara ni mdogo wangu wa mtaani, mara mzazi, mara mtu tu kapewa namba yangu, wanauliza hivi kwa anayeenda kusoma hesabu au takwimu kuna ufadhili wowote au hizo ni za madaktari na mainjinia? Na hata walioko chuo tayari wengi wanaamini hivyohivyo, kwamba ukichagua shahada ya hesabu basi wewe ni boom tu, yani hela ya mkopo wa serikali, ukipata umepata, ukikosa ni juu ya mzazi. Mimi nimesoma hesabu na takwimu, nimekaa hosteli na watu wenye akili mnoo walioacha nafasi zikapita kwa sababu tu tangazo halikuandikwa neno "hesabu" pale juu, na hili jambo linaniuma kweli, ndo maana leo naandika kwa urefu ili nikiulizwa tena niwe natuma linki.

Kitu ninachotaka uelewe ni hiki: mfadhili ni nadra sana kutangaza "tunatafuta mtu wa hesabu". Anatangaza sayansi, anatangaza teknolojia, anatangaza uchumi, anatangaza mashindano ya data, afu huko ndani kwenye masharti, ukurasa wa tatu au wa nne, ndo unakuta hesabu na takwimu zimo. Na mara nyingine kozi haijatajwa popote ila mtihani wenyewe wa kuingilia ni hesabu, sasa hapo nani mwenye nafasi kukuzidi wewe?

Kwanza tutenganishe mkopo na ufadhili maana watu wanachanganya. Bodi ya Mikopo, HESLB, ilianza kazi 2005, na boom ni deni, ukishaajiriwa mwajiri anakata 15% ya mshahara wako wa msingi kila mwezi mpaka liishe. Sisemi ni kitu kibaya, bila boom wengi wetu tusingemaliza chuo. Ila skolashipu hailipwi, na hapohapo HESLB tangu mwaka wa masomo 2022/23 inapitia Samia Skolashipu, ambayo ni ya waliofaulu juu kabisa fom siks kwenye masomo ya sayansi na wanaoingia kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi, hesabu na tiba. Hesabu imo, imeandikwa. Nimemuona kijana ana PCM (fizikia, kemia na hesabu) ya pointi 3, yani A zote tatu, moyo wake wote uko kwenye hesabu, akajaza uhandisi kwa sababu mjomba wake alimwambia hesabu haina ufadhili. Yule kijana angesoma anachokipenda na ada ingelipwa vilevile.

Halafu kuna Benki Kuu. Watu wengi hawajui kwamba BoT wana mfuko wa ufadhili wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ulianzishwa 2009, na uliweka mbele wasichana wanaosoma hesabu na sayansi chuo kikuu, pamoja na wanafunzi wa uchumi, uhasibu, fedha na teknolojia ya habari. Nafasi zake ni chache na ushindani ni mkali, ila waombaji wa hesabu kwenyewe sio wengi kama unavyodhani, kwa sababu ileile, mtu akisikia Benki Kuu anawaza wahasibu. Wazazi wenye mabinti wa PCM, PGM (fizikia, jiografia, hesabu) au EGM (uchumi, jiografia, hesabu) tafadhali mtoto akishapata chuo muwe mnachungulia tovuti ya BoT, tangazo huwa linawekwa pale na kwenye magazeti, soma masharti neno kwa neno hasa yale ya kuhusu kuwa na mfadhili mwingine.

(Na kama mdogo wako bado yuko sekondari, Young Scientists Tanzania ipo tangu 2011, wanafunzi wanapeleka miradi ya kisayansi na hesabu imo humohumo, na washindi wamekuwa wakisomeshwa chuo na Karimjee Jivanjee Foundation. Mwalimu wa shule ndo anasajili kwa hiyo msumbueni.)

Sasa nje ya nchi, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utamu. Serikali ya Japani ina ufadhili unaitwa MEXT, unaombwa kupitia ubalozi wao, kwa ngazi ya shahada ya kwanza ni miaka 5, mmoja wa kujifunza Kijapani na minne ya shahada, ada yote imelipwa, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, na yeni 117,000 kila mwezi mkononi. Kwa nini nawapigia kelele watu wa hesabu? Kwa sababu wanachuja kwa mtihani. Unakaa unaandika karatasi. Ukitaka kusoma hesabu kule unaingia kundi la sayansi asilia ambalo lina karatasi ya hesabu, fizikia, kemia, Kiingereza na ya Kijapani, kwa hiyo PCM mmekaa vizuri kabisa. EGM anaweza kuingia upande wa sayansi ya jamii akasome uchumi, huko ni hesabu, Kiingereza na Kijapani. Karatasi za miaka iliyopita zimewekwa bure kwenye tovuti yao pamoja na majibu! Yani unapakua, unajifungia, unafanya ukitazama saa, unasahihisha mwenyewe. Maswali mengi ya hesabu ni yale ya adivansi, ila yanakuja kwa sura ambayo NECTA, baraza letu la mitihani, hawajakuzoesha, unaandika jibu la mwisho tu kwenye kisanduku, hamna maksi za njia, kwa hiyo kama wewe ni wa kupata njia afu unakosea kujumlisha mwishoni, itabidi ujinoe.

Uturuki nao wanayo Türkiye Bursları, shahada ya kwanza uwe chini ya miaka 21, uwe na wastani wa kuanzia 70% (udaktari ndo wanataka 90%), wanakulipia ada, malazi, mwaka wa lugha, tiketi na posho ya kila mwezi. Hungary wana Stipendium Hungaricum kwa nchi walizosaini nazo makubaliano, ndugu zangu wa Kenya nyie mmo, na Budapest kwa hesabu sio mahali pa mchezo, ndo mji aliozaliwa Paul Erdős, mmoja wa wanahesabu wakubwa wa karne iliyopita. Na Marekani kuna vyuo vichache, MIT, Harvard, Princeton, Yale, ambavyo vinapoamua kukupokea haviangalii kama familia yako ina uwezo wa kulipa, hata kama wewe ni mgeni, wakishakupokea wanapiga hesabu ya uwezo wa mzazi na pengo lote wanaziba wao. Kuingia ni kazi ngumu sana, sitakudanganya, ila mtoto wa mkulima wa Njombe aliyeingia pale analipiwa.

Nimetaja Marekani kwa sababu ya jambo lingine pia, zawadi. Kule kuna mtihani unaitwa Putnam, ulianza 1938, ni wa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa vyuo vya Marekani na Kanada, maswali 12, masaa 6, kila swali maksi 10, na kuna miaka ambayo mtu wa katikati kabisa, ukiwapanga wote waliofanya kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, ana maksi 0 au 1 kati ya 120. Watano wa juu wanapewa dola 2,500 kila mmoja. Sisi huku hatuwezi kuukalia, ila maswali yake yote yako wazi mtandaoni na ndo chakula bora kuliko vyote ukitaka kujipima. Nikuonyeshe moja la 1988. Chukua namba yoyote ambayo ni zao la namba kamili mbili, kila moja ikiwa 2 au zaidi. Onyesha kwamba namba hiyo inaweza kuandikwa kama xy + xz + yz + 1, ambapo x, y na z ni namba kamili chanya. Mtu anaweza kukesha na hili swali akijaribu kugawa gawa na kupanga visa, wakati ukiweka z = 1 inabaki xy + x + y + 1, ambayo ni (x+1)(y+1). Basi! Kama namba yako ni a mara b, chukua x = a − 1 na y = b − 1, kazi imeisha. Jaribu na 15, yani 3 mara 5, x ni 2, y ni 4, z ni 1, unapata 8 + 2 + 4 + 1. Mstari mmoja tu lakini chuo unaweza kumaliza miaka mitatu yote hujakutana na swali linalokutaka ufikiri namna hii, na hapo ndo tunapoachwa.

Mashindano ambayo mwanafunzi wa Dar, Nairobi au Kampala anaweza kweli kuyaingia ni IMC, mashindano ya kimataifa ya hesabu ya vyuo vikuu, yanafanyika kila mwaka tangu 1994, mwanzoni yalizunguka nchi tofauti ila kwa miaka mingi sasa ni mji wa Blagoevgrad, Bulgaria, yanaandaliwa na University College London. Ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wasiozidi miaka 23, siku mbili za mtihani, masaa 5 kila siku. Unaweza kwenda na timu ya chuo au peke yako. Pesa ya kutajirika hamna, unapewa cheti cha daraja la kwanza, la pili au la tatu, ila cheti hicho ukikiambatanisha kwenye maombi yoyote ya masta duniani hamna mtu atauliza chuo chako kiko wapi. Tatizo ni nauli na ada ya ushiriki, na hapa nawaomba wakuu wa idara, timu ya mpira wa miguu ya chuo inapata jezi na basi la kwenda mashindano, watoto wanne wa hesabu nao watafutiwe bajeti.

Watu wa takwimu nyie mna bahati zaidi maana zawadi zenu hazihitaji ndege. Kuna mashindano ya mabango ya ISLP, ni mradi wa Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu wa kukuza uelewa wa takwimu, mnakaa kikundi kidogo, mnakusanya data, mnachora bango moja tu linaloeleza mlichogundua, linashindanishwa kwanza nchini afu walioshinda wanaenda kimataifa, na kuna kundi la shahada ya kwanza. Watu wanadhani mpaka uwe na data za maana kutoka ofisi kubwa. Nenda kituoni kwenu na kalamu na simu, andika kila daladala ya ruti yenu imepita saa ngapi asubuhi nzima. Tuseme zinapishana dakika 2, afu dakika 18, afu 2, afu 18. Wastani wa kupishana ni dakika 10, kwa hiyo utasema abiria anasubiri wastani wa dakika 5, si ndiyo? Siyo. Abiria anayefika muda wowote ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuangukia lile pengo la dakika 18 kuliko la dakika 2, ukipiga hesabu vizuri ni (2×2 + 18×18) ugawe kwa 2×20 (hiyo 20 ni 2 + 18), inakuja dakika 8.2. Hapo umeeleza kwa nini kila mtu kituoni analalamika kasubiri sana wakati msimamizi wa ruti anaapa magari yanapishana dakika 10, na wote wawili wako sahihi. Bango la namna hiyo jaji anasimama analisoma mpaka mwisho. Au chukua matokeo ya sensa ya 2022, watu 61,741,120, mengi yamewekwa wazi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, tafuta swali moja dogo la wilaya yenu.

Kingine ni Zindi, jukwaa la mashindano ya data la hapahapa Afrika, lilianza 2018, kampuni au shirika linaweka data na tatizo, watu wanashindana kutabiri, washindi wanalipwa dola. Yapo na mashindano ya mazoezi yasiyo na pesa, lipo moja la kutabiri nani ana akaunti ya benki Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, anzia hapo, ni data ya mazingira unayoyajua, unaelewa mwenyewe kwa nini umri na simu vina maana. Hamna anayekuuliza GPA. Nawajua watu walionunua laptopu zao kwa hela za huko. Na nyie wa akchuaria, yani hesabu za bima na pensheni, kabla hamjakata tamaa na bei ya mitihani ya IFoA, chama cha taaluma hiyo cha Uingereza, someni habari ya punguzo lao kwa wenye kipato kidogo, lipo na ni kubwa.

Sasa nije kwenye barua ya lecha maana hapa ndo maombi mengi mazuri yanakufa. Darasa la kalkulasi mwaka wa kwanza lina watu mia tatu, lecha hakujui, unaenda mwaka wa tatu siku mbili kabla ya dedilaini unamwambia "dokta naomba rekomendesheni", atakuandikia nini? Atakuandikia wewe ni mchapakazi, unawahi darasani, una nidhamu. Mtu anayesoma maombi mia nane kule Ulaya akikutana na "anawahi darasani" anaweka pembeni. Barua inayokupa nafasi ni ile inayosema mwanafunzi huyu alikuja ofisini na njia yake ya kuthibitisha nadharia ya Bolzano-Weierstrass (kwamba mfuatano wa namba usiovuka mipaka fulani una mfuatano mdogo ndani yake unaoisogelea namba moja), badala ya kukata kipande katikati mara kwa mara kama nilivyofundisha, alionyesha kwanza kwamba kila mfuatano una mfuatano mdogo ndani yake usioshuka kabisa au usiopanda kabisa, na mengine yakaja yenyewe. Ili lecha aandike hivyo inabidi kweli uwe umeenda ofisini, kuanzia mwaka wa kwanza au wa pili, sio kumpamba, kumuuliza hesabu. Na siku ya kuomba barua mpelekee karatasi moja, kozi zake ulizosoma na gredi, kitu kimoja ulichofanya anachoweza kukikumbuka, unaomba nini, mwisho lini, na mpe wiki nne. Malecha wana kazi nyingi na wengi wana roho nzuri, wakirahisishiwa wanaandika vizuri.

Na transkripti. Chuo nilichosoma matokeo ya semista yalikuwa yanaweza kukaa miezi bila kuwekwa kwenye mfumo, unaenda ofisini unaambiwa njoo wiki ijayo, nina rafiki yangu alikosa nafasi ya nje kwa karatasi moja isiyo na muhuri. Mambo kama haya yanavunja moyo na sio haki. Kinachosaidia ni kuomba transkripti ya muda kila mwaka ukiisha hata kama hamna unachoomba kwa wakati huo, iskani, weka kwenye barua pepe yako.

Walio mwaka wa mwisho, yenu ni haya matatu. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu, ilianzishwa 2003 na mwanafizikia Neil Turok pale Muizenberg karibu na Cape Town, saivi ina vituo Senegal, Ghana, Kameruni na Rwanda pia, masta ya sayansi za hesabu ambayo ada, chakula na kulala vyote ni juu yao, na unaweza kuomba kabla hujahitimu. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na mwanafizikia Abdus Salam 1964, wana diploma ya mwaka mmoja baada ya shahada, hesabu imo, wamelipia kila kitu, na wengi waliopita pale wameenda moja kwa moja kusoma PhD. Na Heidelberg Laureate Forum, hii hata mwaka wa pili na wa tatu wanaruhusiwa kuomba, ni wiki moja Ujerumani mwezi wa tisa, vijana 200 tu wa dunia nzima wanakaa meza moja na walioshinda Abel, medali ya Fields na Turing, tuzo kubwa kabisa za hesabu na kompyuta, na kwa asiye na uwezo unaweza kuomba wakusaidie nauli. Kila ninapowaambia watu wa shahada ya kwanza kwamba wanaruhusiwa hawaniamini, ingieni kwenye tovuti yao msome.

Hamna hata moja kati ya hizi inayotaka umtumie mtu hela kwa simu. Akikuambia yeye ni wakala wa Türkiye Bursları na fomu ni laki moja na nusu, mfungie. Unajaza mwenyewe na ni bure.

Kwa kalenda, Uturuki kwa kawaida wanafungua tarehe 10 Januari mpaka 20 Februari, Heidelberg huwa wanafunga mwezi wa pili, Japani ubalozi unatangaza kuanzia kama mwezi wa tano hivi, HESLB ni katikati ya mwaka na kabla ya hapo cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa RITA, au ZCSRA kwa Wazanzibari. Kwa hiyo barua za malecha ombeni mwezi wa kumi na moja kabla hawajaenda likizo. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000, inataka namba ya NIDA, na kama jina lako kwenye cheti cha fom foo linatofautiana hata herufi moja na la cheti cha kuzaliwa, hicho ndo kitu cha kwanza cha kurekebisha, anza nacho wiki hii maana ndo kinachochukua muda kuliko vyote.